Ghala Namba Nne

Starodolsk, 12 Aprili 1992

Shangazi Kapa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Inessa ameinuka kutoka kwenye mafua yaliyomlaza wiki nzima, na Tasya ameng'oka jino la mbele, kwa hiyo siku hizi akilitaja jina lako anatutemea mate. Barafu ya mtoni imeanza kupasuka. Tunaisikia tukiwa jikoni. Mguu wako je? Usinijibu "haujambo" kama ilivyo desturi yako. Niambie kama unapanda ngazi.

Nina habari ambayo sikutaka uipate kwa watu. Nimeacha kufundisha. Miaka kumi na minne nimewafundisha vijana namna serikali inavyopanga uchumi, na uchumi wenyewe umetufia mikononi tukiwa bado tunasahihisha mitihani. Mwezi uliopita niliitwa ofisi ya mkoa. Imeundwa Kamati ya Mali. Viwanda, maduka, karakana, vyote vilivyokuwa vya serikali vitapata wenyewe, na kila kimoja lazima kiandikiwe mpango: kina nini, kinauzwaje, nani anapata hisa. Mwenyekiti ni mhandisi, alikuwa anatafuta mchumi wa kuwa makamu wake. Akaniuliza, "Veniamin Arsentyevich, ni miaka mingapi umesema darasani kwamba mambo yanakwenda kombo?" Nikamwambia, "Mingi." Akasema, "Basi njoo uyanyooshe." Nilikubali kabla hajamaliza chai yake.

Sasa nina ombi, na usikasirike. Tangu jina langu litangazwe, binamu mmoja wa Inessa ambaye hatujamwona tangu harusi yetu ametuletea bata mzima, na chini ya bata karatasi ya karakana anayoitaka. Kiwanda chenu cha kitani nacho kimo kwenye orodha. Nakusihi usiniombe lolote linalohusu kiwanda hicho. Hata mkurugenzi wako Gorbushin akikupigia magoti. Nikianza na shangazi yangu, sitajua pa kuishia.

Mwanao,
Venya


Kutoka kwa Kapitolina Zyablova
Chekechea ya Kiwanda cha Kitani, Zalesnoye
3 Mei 1992

Mwanangu Venya,

Marahaba. Ngazi napanda, kushuka ndiko kwenye matata. Mwambie Inessa anywe maziwa ya moto na asali, aache vidonge. Na jino la Tasya nataka kuliona. Mlilitupa wapi? Mngekuwa na akili mngelihifadhi.

Hapa tumemaliza kupanda viazi jana, mimi na Lusha mlezi na mumewe, ambaye alichimba kwa nusu saa kisha akakaa kwenye ndoo kutufundisha namna ya kuchimba. Theluji imebaki nyuma ya jiko tu. Watoto wamefika sitini na watatu. Wafumaji wanazaa ingawa dukani hakuna kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kuisoma jikoni kwa sauti, bila ule mstari wa magoti. Nimefurahi, sikufichi. Kaka yangu Arsenty angekuwepo angelewa siku tatu. Alipozama mtoni akisafirisha magogo, ukaletwa kwangu na mfuko mmoja wa nguo, una miaka sita, nilikupa kitanda cha mwisho pale dirishani kati ya watoto wa wafumaji. Siku ya pili ukachukua rula ukaanza kuwagawia wenzako mkate, kila kipande sawa na kingine, mpaka mkate ukaisha na wengine wakalia. Nikasema huyu atakuwa padri au mhasibu. Kumbe makamu mwenyekiti!

Ombi lako nimelielewa. Sitakuomba. Nimewaambia na wa jikoni kwamba atakayenituma kwako nitampiga na mwiko. Lakini na mimi nina langu moja: uwe unakula. Kwenye picha ya mwisho shingo yako ilikuwa inaogelea ndani ya kola.

Shangazi yako,
Kapitolina


Starodolsk, 27 Septemba 1992

Shangazi Kapa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Inessa anaamini sasa nimeoa kamati, yeye ni mgeni wangu wa Jumapili. Tasya ameanza shule, ameshona alama ya shule kwenye begi upande usio wake na hataki iondolewe. Jemu yako tuliipata na tuliimaliza siku nne.

Shangazi, natamani ungeona kazi hii. Mwezi Agosti pekee tumepitisha mipango arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja! Mikoa mingine bado inagombana kuhusu meza na viti. Walikuja watu wa wizara, wakatusifu mbele ya magazeti kwamba hakuna mkoa unaokwenda kasi kama wetu. Zamani karatasi moja ilikuwa inazunguka miaka mitatu kabla ya mtu kuthubutu kuitia sahihi. Mimi natia sahihi, na kesho yake watu wanaanza kuwa wenye mali yao.

Na kuna maneno ya Moscow. Wizara inatafuta wachumi kutoka mikoani, mwenyekiti amelitaja jina langu. Usimwambie mtu bado.

Nililiona na jina la Zalesnoye likipita mezani. Sikulitazama zaidi ya mipango mingine, nami najivunia hilo. Nakushukuru kwa kutimiza ahadi. Hujui ni watu wangapi wameshindwa.

Mwanao,
Venya


Kutoka kwa Kapitolina Zyablova
Ghala Na. 4, Kiwanda cha Kitani, Zalesnoye
8 Novemba 1992

Mwanangu Venya,

Marahaba. Theluji imeanguka ya kwanza, ikayeyuka, ikaanguka tena. Kabichi tumekwisha kuichachusha, mapipa mawili, moja la watoto. Lusha ana mimba ya nne na mumewe amekimbilia kuvua samaki. Vocha yangu ya hisa, ile wanayopewa raia wote, niliipangia foleni posta kwa muda wa saa mbili. Nimeiweka ndani ya kabati la sahani, inatazamana na mimi.

Nakuwekea uyoga wa chumvi chupa mbili na soksi za Tasya. Uyoga ule mweupe ni wa wageni, ninyi kuleni wa kahawia.

Mimi nipo pale pale. Hakuna jipya ninaloweza kukuandikia. Nimefurahi kuhusu hilo la Moscow, sijamwambia mtu.

Shangazi yako,
Kapitolina


Starodolsk, 6 Desemba 1992

Shangazi Kapa,

Shikamoo. Uyoga umefika salama. Tumeufungua ule wa wageni, nisamehe.

Naandika haraka. Inessa alikuwa anakata stempu za bahasha za kumpa Tasya, akaniuliza, "Tangu lini shangazi amehamia ghalani?" Nikadhani ananitania. Kisha nikaitazama bahasha. Ghala Namba Nne ni wapi? Wamekutoa kwenye chumba chako cha nyuma ya jiko? Una moto humo? Nijibu upesi.

Venya


Kutoka kwa Kapitolina Zyablova
Ghala Na. 4, Kiwanda cha Kitani, Zalesnoye
14 Desemba 1992

Mwanangu Venya,

Marahaba. Usijitie presha, sijahama. Chumba ni kile kile, kitanda kile kile, na jiko linawaka.

Umeuliza anwani, basi nakujibu anwani. Sikuombi kitu, ahadi yangu ipo.

Mwezi Septemba Gorbushin alibandika ubaoni orodha ya majengo ya kiwanda, ile iliyopitishwa huko kwenu. Watu wote wa Zalesnoye walikwenda kuisoma. Kuna karakana ya kusokota, ya kufuma, nyumba ya boila, ghala la kwanza, la pili, la tatu. Chekechea haimo. Lusha akaisoma tena kwa kidole, hakuna. Ila kuna Ghala la Nne, matofali, ghorofa mbili, Mtaa wa Wasokotaji namba kumi na moja. Huo ndio mlango wetu, Venya. Hapo ndipo ulipokulia.

Tulimwuliza Gorbushin. Akasema, "Mimi sijui, hiyo imepitishwa mkoani, ina sahihi." Nikavaa miwani nikaangalia. Sahihi ninaijua, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika ile Z ya jina la ukoo wetu.

Anasema kufikia mwezi wa pili watoto warudi kwa mama zao, jengo limepata mpangaji wa kuweka friji za kutoka nje. Mama zao wako kwenye mashine kwa zamu. Basi.

Nilifikiri: nikimwandikia, nitakuwa nimemwomba. Nikifunga mdomo, nitakuwa nimemdanganya. Kwa hiyo nikaandika mahali ninapoishi kama karatasi yako inavyosema, hiyo si ombi.

Mguu haujambo.

Kapitolina


Kutoka kwa Kapitolina Zyablova
Chekechea, Mtaa wa Wasokotaji 11, Zalesnoye
17 Januari 1993

Mwanangu Venya,

Heri ya mwaka mpya, kwako na kwa Inessa na kwa Tasya. Barua yako sijaiona, lakini wewe mwenyewe nimekuona, basi nisingoje zamu yangu.

Najua ulikuwepo. Lakini nimeihadithia habari hii mara ishirini kwa watu wa foleni ya mkate, acha nikuhadithie na wewe, kwa sababu ulikuwa mweupe kama unga na sidhani uliona chochote.

Ulikuja Jumanne saa saba mchana bila kupiga simu. Nilikuwa naosha sufuria ya uji. Kwanza likaingia koti la Gorbushin, halafu kofia yako. Hukunisalimu. Nikaelewa kwamba leo mimi si shangazi, nikajifuta mikono nikasimama ukutani kama sanamu.

Saa saba watoto wamelala. Ukasimama katikati ya vitanda, ukafungua karatasi, ukasema kwa ile sauti yako ya darasani:

"Nionyeshe Ghala Namba Nne."

Gorbushin akanong'ona, "Ndiyo hili, Veniamin Arsentyevich."

"Mbona unanong'ona?"

"Hivi hivi tu."

"Ongea kwa sauti, Pankrat Ilyich. Magunia hayaamki."

Kitanda cha tatu mtoto akakohoa. Lusha akajiziba mdomo kwa aproni. Gorbushin jasho likamtoka shingoni na nje ni baridi ya kupasua mti.

"Kuna hifadhi ya muda," akasema, bado ananong'ona.

"Hifadhi ya nini?"

"Ya vifaa."

"Vifaa vinavaa soksi?" Maana juu ya bomba la joto zilikuwa zimeanikwa soksi zao zote, jozi sitini na tatu.

Ukatoa kalamu, ukapiga mstari kwenye karatasi. Mlangoni uligeuka ukaniangalia ukashindwa kusema. Na mimi nilishindwa.

Usilojua ni kwamba ulipoondoka Gorbushin aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akaomba maji. Nikampa, ni binadamu. Akasema, "Kapitolina Savvishna, wewe ndiye uliyemwita." Nikamwambia, "Sikumwita. Nilimwandikia anwani."

Juzi imekuja karatasi. Jengo limeondolewa kwenye mali ya kiwanda, litakuwa la mji, kama sheria inavyosema kwa chekechea zote. Mama mmoja wa karakana ya kusokota alinibusu mikono yote miwili, nikamwambia mimi mpishi tu.

Siku ile nilishindwa, nasema leo. Asante, mwanangu. Asante sana.

Shangazi yako,
Kapitolina


Starodolsk, 21 Machi 1993

Shangazi Kapa,

Shikamoo. Tasya alikuwa na tetekuwanga, sasa amebaki na madoa ya dawa ya kijani usoni na anajiona chui. Inessa ameanza kushona mapazia ya watu, anasema inampumzisha. Ndege wa masika wamerudi mapema mwaka huu.

Barua yako ya Januari nimeiweka kwenye droo ya juu. Huna haja ya kunishukuru.

Na mimi nimerudi kufundisha. Kazi ya kamati ilikuwa ya muda, imekwisha, nami nilikuwa nimechoka. Chuo kimenipa lile darasa langu la zamani, lile lenye dirisha lisilofunga. Vijana ni wazuri. Hilo la Moscow lilikuwa maneno tu, kumbe. Hatutahama, na Inessa anafurahi kwa sababu Moscow hakuna mahali pa kupanda matango.

Ulisema nile: ninakula.

Mwanao,
Venya


Kutoka kwa Kapitolina Zyablova
Chekechea, Mtaa wa Wasokotaji 11, Zalesnoye
13 Juni 1993

Wewe Venya,

Sikusalimu kwanza, nitakusalimu baadaye.

Lusha alinunua samaki sokoni, amefungwa kwenye gazeti la mkoa la mwezi wa pili. Alipokuwa anaparua magamba akaniita, "Mama Kapa, hapa pana jina la Venya wako." Ukurasa ulikuwa na damu ya samaki lakini maneno yalisomeka. Nayaandika hapa ujue kwamba nayajua: "Mpango wa Kiwanda cha Kitani cha Zalesnoye niliutia sahihi bila kwenda kuona ninachotia sahihi. Kosa ni langu. Kuna mingine arobaini niliyoipitisha hivyo hivyo. Naomba yote irudiwe." Na chini yake, kwa herufi ndogo kama mchwa, kwamba makamu mwenyekiti wa kamati ameacha kazi kwa ombi lake mwenyewe.

Kwa ombi lake mwenyewe! Na mimi unaniandikia habari za ndege wa masika!

Nililia kidogo, kisha nikakupikia maneno, kisha nikaosha sahani zote, hata zilizo safi. Tangu lini unanificha? Ulipovunja kioo cha zahanati ulikuja ukaniambia kabla damu haijakauka.

Sasa na mimi nikuambie nililokuficha. Mwezi wa kumi Gorbushin alikuja chumbani kwangu na sanduku la chokoleti lenye utepe. Akasema, "Mwandikie mtoto wa kaka yako neno zuri juu yetu. Anakwenda Moscow, watu wa huko tutawahitaji." Nikajua kwamba hilo la Moscow ni la kweli, linazungumzwa. Chokoleti nikamrudishia. Na baada ya wiki mbili nikakaa nikaandika Ghala Namba Nne kwenye bahasha, huku najua. Unanielewa? Sikujua litakugharimu kiasi gani, lakini nilijua halitakuwa bure.

Nimejiuliza kila siku tangu siku ya samaki: ningejua yote, ningeandika anwani ya zamani? Ningeandika ile ile, Venya. Nisamehe. Walikuwa sitini na watatu, na wewe ulikuwa mmoja, na mmoja nilijua nimemlea vizuri.

Kiwanda chenyewe mambo si mazuri, usidhani nakupamba. Gorbushin amenunua hisa za nusu ya watu kwa vodka, karakana ya kusokota inafanya kazi siku tatu kwa wiki. Lakini chekechea iko. Mji hauna pesa ya rangi, mama wamekuja wenyewe na chokaa, wakapaka ukuta wa nje mpaka pale mikono yao ilipofika. Juu bado ni kahawia. Inapendeza.

Marahaba. Mguu unauma.

Shangazi yako anayekushukuru,
Kapitolina


Starodolsk, 4 Julai 1993

Shangazi Kapa,

Shikamoo, na nakubali kupigwa kwa mwiko.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utajihesabia wewe. Sasa umejihesabia, basi acha nikueleze ilivyokuwa.

Nilipotoka Zalesnoye ile Jumanne nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sahihisha hilo jengo kimyakimya, wewe nenda zako Moscow, barua yako ya uteuzi iko njiani." Nikamwuliza, "Na mingine arobaini?" Akacheka. "Veniamin Arsentyevich, kwani hiyo mingine nayo ina shangazi?"

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za ofisi na kofia mkononi. Mlinzi akanikumbusha niivae. Yule binamu aliyeleta bata alitaka kitu kwa sababu ni ndugu. Mimi nami nilikuwa nimekwenda kuona jengo moja tu kati ya yote, lile ambalo ndani yake kuna ndugu yangu. Tofauti yetu ilikuwa wapi? Nikasema kama nimeanza na shangazi, siwezi kuishia kwa shangazi. Nikaandika kwenye gazeti kwa sababu kwenye gazeti pekee wasingeweza kuyafuta maneno yangu. Kabla maneno hayo hayajachapwa nikaombwa niombe kuacha kazi.

Waliokuja baada yangu wamelazimika kuirudia mipango yote. Mpaka mwezi jana wamekuta mingine tisa yenye kosa kama lile la chekechea. Zahanati moja imeandikwa banda la rangi. Maktaba imeandikwa stoo, na mkutubi wake, mama mmoja mzee, alikuwa amefunga mlango kwa ndani na kukaa humo. Tisa, shangazi, na yote ina sahihi yangu yenye ile Z uliyonifundisha. Wewe unanishukuru. Mimi nikiisikia asante yako naona haya, lakini naipokea, kwa sababu nimechoka kubaki na haya peke yake.

Wiki iliyopita kijana mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, mtu atajuaje kama orodha ya mali ni ya kweli?" Nimefundisha jambo hilo kwa kurasa mia tatu. Nikamwambia, "Anapanda basi anakwenda." Wakaandika kwenye madaftari yao, wote, kwa makini, na nilipowaona wanaandika nilifurahi kuliko siku ile ya watu wa wizara.

Unauliza kama nakusamehe. Hebu sikia. Mwezi Novemba nilikuwa mtu mkubwa. Ungeniandikia, "Venya, tusaidie, wanatunyang'anya chekechea," ningekukumbusha ahadi yako. Ningekuandikia barua nzuri, ya upole, kuhusu sheria kuwa sawa kwa wote, na ningekukataa. Kisha ningepanda treni kwenda Moscow nikijiona mtu safi kabisa, na ningekaa huko miaka yote nikijiona hivyo. Wewe hukuniomba. Uliniandikia mahali ulipo, ukaniacha nije mwenyewe.

Hakuna aliyewahi kuniheshimu hivyo. Nakushukuru, shangazi yangu.

Mwanao,
Venya